Caro-Kann: Ile Gemu ya Hatua 19 Iliyomlaza Kasparov Mbele ya Kompyuta

Kama wewe ni wa kucheza chesi kwa simu ukiwa kwa matatu, lazima umeshakutana na Caro-Kann hata kama jina lake hulijui. Unasukuma askari wako wa kati mbele kwa mbwembwe, jamaa wa upande ule anajibu na kahatua kadogo tu pembeni, unacheka, unajiambia huyu ni mwoga. Dakika kumi zikiisha bado unatafuta pa kuingilia, na saa yako inayoyoma.

Sasa sikia hii. Huo ufunguzi wa "waoga" ndio Garry Kasparov, msee ambaye wengi walimwona kama mchezaji mkali kuwahi kutokea, alichagua siku ya gemu iliyokuwa na macho mengi zaidi maishani mwake. Hakumaliza hata hatua 20. Na aliyemlima hakuwa binadamu.

Hapa tunakupea kila kitu: Caro-Kann ni nini, inachezwaje, mtego wake mbaya uko wapi, na ile gemu ya 1997 iliendaje hatua kwa hatua. Toa ubao kama unao. Kama huna, fungua simu.

Kwa ufupi

- Gemu: Deep Blue (nyeupe) dhidi ya Garry Kasparov (nyeusi), gemu ya sita na ya mwisho ya mechi yao
- Mahali: New York, Marekani
- Tarehe: Jumapili, 11 Mei 1997
- Ufunguzi: Caro-Kann
- Matokeo: nyeupe ilishinda, hatua 19
- Mechi nzima: Deep Blue 3.5, Kasparov 2.5
- Doh: dola 700,000 kwa mshindi, dola 400,000 kwa aliyeshindwa

Kwanza, tuelewane lugha ya ubao

Ubao una miraba 64. Safu za kusimama zinaitwa a hadi h, kuanzia kushoto kwa mwenye nyeupe. Safu za kulala ni 1 hadi 8, kuanzia upande wa nyeupe. Kwa hivyo e4 ni mraba wa safu ya e, mstari wa nne. Rahisi tu, kama kutafuta kiti kwa basi.

Kete tutaziita hivi: mfalme, malkia, ngome (zile za pembeni kabisa), farasi (anaruka), askofu (anaenda mshazari), na askari, wale wadogo wanane wa mbele. "Kula" ni kula tu, kama kwa drafti.

Caro-Kann ni nini?

Nyeupe inaanza na askari kwenda e4. Nyeusi inajibu na askari kwenda c6. Hiyo tu, umeshaingia Caro-Kann.

Maana ya c6 si kukaa. Ni kujiandaa. Hatua inayofuata nyeusi inasukuma askari mwingine d5 kugonga yule wa e4, na yule wa c6 yuko nyuma kama beshte aliyekusindikiza kwa vita: ukiliwa, yeye anakula. Ndio maana wakali wanasema ufunguzi huu una msingi mgumu. Nyeusi haina haraka, haiachi mashimo, na tofauti na ufunguzi wa Wafaransa, askofu wake wa miraba myeupe mara nyingi anapata njia ya kutoka nje kabla mlango haujafungwa.

Jina lilitoka kwa wasee wawili wa karne ya 19: Horatio Caro, Mwingereza aliyeishi Berlin, na Marcus Kann wa Vienna, Austria. Waliandika uchambuzi wa ufunguzi huu mwaka wa 1886. Mwaka mmoja kabla, Kann alikuwa ameutumia huko Hamburg kumchapa Jacques Mieses kwa hatua 24 pekee. Baadaye mabingwa wa dunia kama Capablanca, Botvinnik, Petrosian na Karpov wote waliutumia. Kwa hivyo ukimwona mtu anacheza c6, usimdharau. Anaweza kuwa anajua kitu.

Njia kuu ambazo utakutana nazo

Baada ya e4, c6, d4, d5, nyeupe ina maamuzi ya kufanya:

- Kusukuma mbele hadi e5. Hapa nyeusi kawaida inamtoa askofu wake hadi f5 kabla ya kufunga mlango na e6. Nyeupe ina nafasi kubwa zaidi, nyeusi ina uvumilivu.
- Kula d5. Nyeusi inakula na yule askari wa c6. Ubao unatulia, hakuna drama nyingi.
- Kumtoa farasi hadi c3 kulinda e4. Nyeusi inakula e4, farasi naye anakula. Hii ndiyo njia ya kitambo, na ndiyo iliyochezwa siku ile ya New York.

Kwa hiyo njia ya tatu, nyeusi inaweza kumtoa askofu f5 mara moja, ama imlete farasi d7 kwanza. Farasi wa d7 anaandaa mwenzake aje f6, ili nyeupe ikimla yule wa f6, kuwe na farasi mwingine wa kujazia. Ni mpango poa. Lakini una mtego ambao umeliza watoto wa shule na wazee wa klabu sawasawa.

Mtego wa hatua sita: soma hapa hata kama utaruka kwingine

Cheza hivi: e4, c6. d4, d5. Farasi c3, askari wa d5 anakula e4. Farasi anakula e4, farasi mweusi d7. Sasa nyeupe inaleta malkia e2. Inaonekana hatua ya mtu asiyejua, si ndio? Malkia amemziba hadi askofu wake mwenyewe.

Wewe kwa raha zako unaleta farasi wa pili f6. Farasi mweupe anaruka d6. Imeisha!

Angalia vizuri. Yule askari wako wa e7 angemla farasi wa d6, lakini hawezi kusonga, kwa sababu malkia wa e2 anaangalia mfalme wako moja kwa moja kupitia safu ya e. Mfalme hana pa kukimbilia, kete zake mwenyewe zimemzunguka kama abiria wa jioni. Umelala hatua ya sita. Kwa hivyo ukimwona malkia e2, tulia kwanza. Sukuma e6 ama tafuta kingine, lakini f6 wacha.

Kasparov alifikaje hapo?

Kasparov alitwaa ubingwa wa dunia mwaka wa 1985 akiwa na miaka 22. Februari 1996, huko Philadelphia, alikutana na Deep Blue, kompyuta ya kampuni ya IBM. Mashine ilimshtua kwa kushinda gemu ya kwanza, lakini jamaa alijipanga, akaipiga mechi nzima 4 kwa 2. Watu wakasema, sawa, binadamu bado yuko juu.

IBM hawakulala. Kundi la Feng-hsiung Hsu, Murray Campbell na Joe Hoane liliirudisha gereji. Wakaongeza chipu maalum za chesi hadi 480, mashine ikawa na uwezo wa kupima nafasi milioni 200 kwa sekunde moja. Wakaita pia magwiji wa chesi, wakiongozwa na Joel Benjamin, kuifunza mambo ambayo hesabu tupu haiwezi.

Mei 1997 wakarudiana New York, ghorofa ya 35 ya jengo moja katikati ya jiji. Watazamaji walikuwa ukumbi wa chini, wakifuatilia kwa skrini.

Gemu ya kwanza, Kasparov akashinda. Ya pili ndiyo iliyomvuruga akili. Mashine ilicheza kwa utulivu wa mzee wa bao: badala ya kukimbilia kula askari, ikafunga milango yote polepole. Kasparov akaona haiwezekani kompyuta icheze hivyo, akaanza kushuku kuna binadamu nyuma ya pazia. Akakubali kushindwa. Baadaye wachambuzi wakaonyesha kuwa pale alipokata tamaa palikuwa na njia ya kutafuta sare. Fikiria kuambiwa hivyo, na bado una gemu nne mbele yako.

Tatu, nne na tano zikaisha sare. Hesabu ikawa 2.5 kwa 2.5. Ikabaki moja.

Mbona Caro-Kann?

Swali zuri. Silaha ya kawaida ya Kasparov akiwa na nyeusi ilikuwa Sicilia, ufunguzi wa moto na fujo. Lakini kwa mechi hii alikuwa na mpango wa kukwepa zile njia ambazo kompyuta imejazwa kumbukumbu zake, na kukwepa fujo ambapo hesabu ya haraka ndiyo inashinda. Alitaka ubao mtulivu. Caro-Kann, aliyoicheza enzi za ujana wake, ilifaa kabisa kwa hiyo kazi.

Tatizo ni kwamba alikuwa amechoka, ameshuku, na anacheza nyumba isiyo yake. Ukipanga nyumba ngeni, unajua ile siku ya kwanza unavyogonga kidole kwa kona ya kitanda gizani. Ndiyo hiyo.

Gemu yenyewe, hatua kwa hatua

Fuata kwa ubao. Tumeandika kete ilikotoka na ilikoenda. Ya kwanza ni nyeupe, ya pili nyeusi.

1. e2 hadi e4. C7 hadi c6
2. d2 hadi d4; d7 hadi d5
3. Farasi b1 hadi c3. Askari wa d5 anakula e4
4. Farasi wa c3 anakula e4. Farasi b8 hadi d7
5. Farasi e4 hadi g5. Farasi g8 hadi f6
6. Askofu f1 hadi d3. E7 hadi e6
7. Farasi g1 hadi f3. H7 hadi h6
8. Farasi wa g5 anakula e6. Malkia d8 hadi e7
9. Mfalme anajificha g1, ngome inakuja f1. Askari wa f7 anakula e6
10. Askofu d3 hadi g6, anamtisha mfalme. Mfalme e8 hadi d8
11. Askofu c1 hadi f4; b7 hadi b5
12. a2 hadi a4. Askofu c8 hadi b7
13. Ngome f1 hadi e1. Farasi f6 hadi d5
14. Askofu f4 hadi g3. Mfalme d8 hadi c8
15. Askari wa a4 anakula b5. Askari wa c6 anakula b5
16. Malkia d1 hadi d3. Askofu b7 hadi c6
17. Askofu g6 hadi f5. Askari wa e6 anakula f5
18. Ngome ya e1 inamla malkia e7. Askofu wa f8 anakula e7
19. c2 hadi c4. Kasparov anakubali kushindwa.

Hatua ya saba: hapo ndipo mambo yaliharibika

Rudi hatua ya saba. Farasi mweupe amekaa g5, anakera. Kitu cha kawaida ambacho mtu yeyote angefanya ni kusukuma h6 kumwambia "toka hapa". Ndivyo Kasparov alivyofanya. Lakini katika njia hii kuna utaratibu wake. Kwanza unamtoa askofu wa f8 hadi d6. Halafu, nyeupe ikishacheza, ndio unasukuma h6.

Tofauti ni nini? Pumzi ya mfalme. Askofu akiwa d6, nyeupe ikimtoa sadaka farasi pale e6, mfalme mweusi anaweza kuteremka e7 bila kuziba mtu. Askofu akiwa bado f8, kila kitu kimekwama: malkia anamziba askofu, askofu anaifungia ngome, na mfalme anabaki katikati ya barabara.

Deep Blue haikuondoka. Ilimtoa farasi sadaka kwa askari mmoja tu. Kwa hesabu za kawaida, hiyo ni hasara. Lakini hesabu si kete peke yake. Mfalme mweusi alipoteza haki ya kujificha, na kete zake nusu zikabaki zimelala.

Sasa hapa kuna mjadala ambao haujaisha. Wengine walisema mkubwa alichanganya tu mpangilio wa hatua, kosa la mtu aliyechoka. Maelezo mengine ni kwamba alijua kabisa sadaka ipo, akacheza kamari: kompyuta za wakati huo zilipenda sana kete, zilikuwa hazitoi farasi hivi hivi bila kuona faida ya haraka. Akadhani itarudisha farasi nyuma.

Na pengine ingerudisha. Miaka 12 baadaye, mmoja wa magwiji waliosaidia IBM, Miguel Illescas wa Uhispania, alisimulia kwamba asubuhi ile ile ya gemu walikuwa wameiweka hiyo sadaka kwenye kumbukumbu ya mashine. Yaani Deep Blue haikuhitaji kufikiria kuhusu e6. Iliambiwa: ukiona h6, kula. Ukisikia hivyo unaelewa kwa nini hii stori bado inachoma mashabiki. Binadamu alibeti juu ya tabia ya mashine, kumbe binadamu wengine walikuwa wameshaibadilisha hiyo tabia asubuhi hiyo.

Msumari wa mwisho

Hata baada ya sadaka, gemu haikuwa imekwisha. Lakini hatua ya 11 Kasparov akasukuma b5 kutafuta nafasi, na nyeupe ikajibu na a4, ikafungua upande ule ule ambao mfalme wake alikuwa anakimbilia. Wachambuzi wengi wameilaumu hatua hiyo.

Halafu hatua ya 17, askofu f5. Ukiangalia haraka unaona ni zawadi, askari wa e6 anaweza kumla. Akimla, safu ya e inafunguka, na ngome ya e1 inamwona malkia uso kwa uso. Asipomla, askofu anakula e6 na ukuta wote unaanguka. Kasparov alikula, akapoteza malkia, akabaki na ngome mbili, maaskofu wawili na farasi wawili. Kwenye karatasi hizo ni kete nyingi. Lakini c4 ikaja kugonga d5 na b5 kwa pamoja, malkia mweupe tayari ameshamwangalia askari wa f5, na mfalme mweusi hana nyumba. Jamaa akainuka, akaondoka. Ilichukua kama saa moja tu.

Baada ya hapo

Kasparov aliomba marudiano, akaomba pia kuonyeshwa rekodi za jinsi mashine ilivyofikiria. Marudiano hayakuja. IBM waliistaafisha Deep Blue, na rekodi zikawekwa kwa intaneti baadaye. Leo sehemu za mashine hiyo ziko kwenye makavazi Marekani, ikiwemo ile ya historia ya kompyuta huko Mountain View, California. Kasparov mwenyewe alirudi kwenye stori hii katika kitabu chake Deep Thinking cha mwaka wa 2017, akiwa amelegeza sana zile tuhuma za zamani.

Kuna waliosema siku ile kwamba chesi imekufa. Nani atacheza mchezo ambao mashine imeshinda? Ila 1998, mwaka mmoja tu baadaye, Kasparov alikaa León, Uhispania, na Veselin Topalov, kila mmoja akiwa na kompyuta yake pembeni kama msaidizi. Wakaenda sare 3 kwa 3. Mwaka wa 2002 Vladimir Kramnik alitoka sare ya 4 kwa 4 na programu ya Deep Fritz huko Bahrain. Mwaka wa 2006, huko Bonn, akapigwa 4 kwa 2. Tangu hapo watu wameacha hayo mashindano. Programu ya bure iliyo kwa simu yako leo ingeilaza ile Deep Blue bila jasho.

Na bado watu wanacheza, tena wengi kuliko zamani. Kile kilichobadilika ni kazi ya mashine: ilikuwa adui, ikawa mwalimu, na kwa wale wezi wanaocheza wakichungulia, ikawa mwakenya. Kama wewe ni mmoja wa wale wanaokosa usingizi wakifikiria akili bandia itachukua kazi yao, gemu hii ina kitu cha kukuonyesha. Deep Blue ilishinda ikiwa na watu waliojua hasa ni nini cha kuiambia. Kasparov alikuwa peke yake, na alikuwa anapigana na mashine ya mwaka uliopita iliyokuwa kichwani mwake.

Ukitaka kuicheza mwenyewe

Caro-Kann ni ufunguzi mzuri kwa anayeanza, kwa sababu hauna njia elfu moja za kukariri. Lakini weka haya kichwani:

- Ukiona malkia e2 mapema, usilete farasi f6 kabla ya kuhakikisha d6 iko salama.
- Ukiona farasi g5, usimfukuze haraka. Askofu d6 kwanza, h6 baadaye.
- Mtu akikupa kete ya bure, uliza safu gani itafunguka ukiila.
- Mfalme wako akikwama katikati, usisukume askari walio karibu naye. Unamfungulia adui mlango.

Jaribu hivi jioni: panga ubao mpaka hatua ya saba ya nyeupe, mpe beshte wako kete nyeupe, halafu wewe cheza askofu d6 badala ya h6. Mkimaliza, rudieni na h6 muone nani analia.